Umeme ukikatika Rukoki: namna ya kuunganisha jenereta ya nyumbani bila kumhatarisha aliye juu ya nguzo

Mvua inaposhuka kutoka milima ya Rwenzori kuelekea bonde la Kasese, ngurumo hutangulia na mara nyingi giza hufuata. Rukoki, yalipo makao makuu ya Wilaya ya Kasese, dakika chache baada ya taa kuzimika husikika mlio mmoja wa jenereta, kisha wa pili, kisha mtaa mzima. Mwenye duka anaogopa samaki wake wa ziwa Edward wasiharibike, mwenye saluni ana mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na mama wa nyumbani anawaza maji yasiyoweza kupanda kwenye tangi bila pampu.

Jenereta ni jibu la haraka. Lakini namna inavyounganishwa na nyaya za nyumba ndiyo huamua kama itakuwa msaada au hatari: kwa wenye nyumba, kwa majirani, na kwa fundi wa shirika la umeme anayepanda nguzo usiku huohuo kutafuta waya uliokatika. Makala haya yanaeleza swichi ya kubadilishia umeme, ambayo mafundi wengi huiita chenjiova, namna ya kupanga vyombo vinavyostahili kupata umeme wa jenereta, na makosa yanayopaswa kuepukwa.

Mitambo iko jirani, mbona giza?

Wakazi wengi wa Kasese hujiuliza swali hilo, na wana haki. Wilaya yao ni miongoni mwa zile zinazozalisha umeme nchini Uganda. Maji ya mto Mubuku yalianza kuendesha mtambo wa umeme kwa ajili ya machimbo ya shaba ya Kilembe miongo mingi iliyopita. Mwaka 2009 kituo cha Bugoye chenye uwezo wa megawati 13 kilianza kazi kwenye mto huohuo, na mwaka 2018 kikafuata kituo cha mto Nyamwamba chenye megawati 9.2. Kitaifa, bwawa la Karuma lenye megawati 600 lilizinduliwa rasmi Septemba 2024.

Hata hivyo, umeme wa mitambo hiyo hauendi moja kwa moja kwa jirani. Huingia kwanza katika gridi ya taifa, kisha hurudi kupitia vituo vya kupozea, njia za msongo wa kati, transfoma za mtaani na nyaya za juu ya nguzo. Tatizo la mwaka 2005 na 2006, wakati kina cha maji ya Ziwa Victoria kilipopungua na nchi ikaingia katika mgao, lilikuwa uhaba wa uzalishaji. Giza linaloletwa na mvua ni jambo jingine: tawi la mti limeangukia waya, radi imepiga transfoma, au nguzo imeinama kwenye udongo uliolowa. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya Mei 2013, na tena ya Mei 2020, yaliyoikumba hadi hospitali ya Kilembe, yalionyesha jinsi miundombinu ya bonde hili ilivyo wazi mbele ya maji ya mlimani.

Tangu tarehe 1 Aprili 2025, usambazaji wa umeme uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Umeme kwa miaka 20 umerudi kwa shirika la serikali la UEDCL. Lakini mwendeshaji awe nani, waya ukianguka lazima mtu apande nguzo. Hapo ndipo jenereta ya nyumbani inapogusa maisha ya mtu mwingine.

Umeme unaorudi kinyumenyume

Transfoma ya mtaani hupokea umeme wa maelfu ya volti, kwa kawaida volti 11,000 au 33,000, na kuushusha hadi volti 240 zinazoingia nyumbani. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba transfoma haina upande mmoja tu wa kufanya kazi. Ukiiingizia volti 240 kutoka upande wa nyumba, huzipandisha na kuzitoa upande wa pili zikiwa maelfu ya volti.

Kwa hiyo mtu anayechomeka jenereta yake kwenye soketi ya ukutani, huku swichi kuu ya nyumba ikiwa haijazimwa, anaurudisha umeme barabarani. Njia ambayo fundi ameambiwa imezimwa inaamka tena. Ni kweli kwamba mara nyingi jenereta ndogo huzidiwa na mzigo wa mtaa mzima na kujizima. Lakini ikiwa waya umekatika karibu na nyumba hiyo, mzigo uliobaki upande wake ni mdogo, na jenereta inaweza kuendelea kuzunguka kwa raha. Na hapo penye waya uliokatika ndipo fundi anapokuja kushika.

Njia hiyo mbaya hutumia kebo yenye plagi za kiume pande zote mbili. Kebo ya namna hiyo haina matumizi halali. Ikichomoka upande mmoja wakati jenereta inanguruma, meno ya plagi yanabaki wazi yakiwa na volti 240, na mtoto anaweza kuyashika.

Wapo wanaosema kwamba wao hawasahau kuzima swichi kuu. Huenda ni kweli kwa mwezi mmoja au mwaka mmoja. Lakini umeme hukatika usiku, mwenye mazoea anaweza kuwa amesafiri kwenda Bwera au Fort Portal, na kijana aliyebaki nyumbani akafanya alichokiona bila kuelewa sababu yake. Vilevile, umeme wa gridi ukirudi ghafla wakati jenereta imeunganishwa nao, mawimbi ya vyanzo hivyo viwili hayalingani. Yakigongana, jenereta huungua, na nyumba inaweza kuungua pamoja nayo.

Chenjiova hufanya nini

Chenjiova ni swichi yenye nafasi tatu. Nafasi ya kwanza huunganisha nyumba na gridi, ya pili huiunganisha na jenereta, na ya katikati ni sifuri, ambapo nyumba haiungani na chochote. Mkono wake mmoja hauwezi kuwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kushika upande mpya, ni lazima uwe umeachia ule wa zamani. Usalama wake haumo katika kumbukumbu ya mtu. Umo katika chuma chenyewe.

Kwa nyumba yenye umeme wa fezi moja, chenjiova inayofaa ni ile inayokata nyaya mbili kwa pamoja: laivu na nyutro. Swichi inayokata laivu peke yake huacha nyutro ya jenereta imeungana na nyutro ya mtaa, na jambo hilo huleta matatizo yatakayoelezwa hapa chini. Uwezo wa swichi usiwe mdogo kuliko breka kuu inayoilinda. Nyumba yenye breka kuu ya ampea 60 huhitaji chenjiova ya ampea 63 ikiwa nyumba nzima inapita ndani yake.

Lakini je, ni lazima nyumba nzima ipite ndani yake? Hapa ndipo suala la kugawa mzigo linapoanza.

Kuhesabu kabla ya kununua waya

Chukua mfano wa nyumba ya kawaida ya Rukoki yenye jenereta ya petroli iliyoandikwa wati 2,000 za kudumu na wati 2,200 za muda mfupi. Tarakimu hizo hupimwa katika mazingira ya usawa wa bahari. Mji wa Kasese uko karibu mita 1,000 juu ya usawa huo, ambako hewa ni nyepesi zaidi. Injini ya petroli isiyo na kisukuma hewa hupoteza takriban asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Hivyo jenereta hiyo ikifika Kasese hupungukiwa na karibu asilimia 12, ikabaki na wati 1,760 za kudumu na wati 1,936 za muda mfupi. Anayeipeleka Kilembe au vijiji vya juu zaidi mlimani anapaswa kupunguza zaidi.

Sasa orodhesha vyombo. Taa 8 za LED za wati 9 kila moja ni wati 72. Runinga ni wati 80. Redio, chaji za simu na kifaa cha intaneti ni wati 50. Feni ni wati 60. Friji inapozunguka hutumia kama wati 150. Pampu ya maji ya nusu farasi huvuta kama wati 550. Jumla ni wati 962, chini sana ya wati 1,760. Kwa hesabu hiyo, mtu angedhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Mota haianzi kwa nguvu ileile inayotumia ikiwa inazunguka. Mfano wake ni mkokoteni uliosheheni: kuuondoa mahali uliposimama ni kazi kubwa, kuusukuma ukiwa unakwenda ni kazi ndogo. Pampu ya wati 550 inaweza kudai mara tatu ya hapo, yaani wati 1,650, kwa muda mfupi inapowashwa. Friji ya wati 150 inaweza kudai wati 700.

Ikiwa taa, runinga, redio, feni na friji tayari vinafanya kazi, vinatumia wati 412. Pampu ikiwashwa hapo, mahitaji hupanda kwa ghafla hadi wati 2,062, na jenereta yenye wati 1,936 inasongwa. Taa zinafifia, volti zinashuka, mota ya friji inahangaika bila kuzunguka, na hatimaye breka inakata au, vibaya zaidi, haikati na mota inaungua.

Vyombo vilevile vikiwashwa kwa mpangilio mwingine, hakuna tatizo. Taa kwanza, wati 72. Kisha pampu, ambayo inafikisha mahitaji ya kuanzia kuwa wati 1,722. Ikishatulia, taa na pampu vinatumia wati 622. Friji ikifuata, kilele ni wati 1,322. Baada ya hapo runinga, feni na redio havina shida. Mtambo ni uleule na vyombo ni vilevile. Kilichobadilika ni utaratibu.

Kisha kuna vyombo ambavyo havina mpangilio wa kuviokoa. Birika la umeme ni wati 2,000. Pasi ni wati 1,200 au zaidi. Hita ya kuogea inayopasha maji papo hapo ni wati 5,000, karibu ampea 21 peke yake. Hivi havipaswi kuifikia jenereta kamwe, na kuwaachia wenye nyumba kazi ya kukumbuka kutoviwasha si mpango.

Njia ya masanduku mawili

Mpango rahisi na imara zaidi ni kugawanya nyaya za nyumba kabla ya chenjiova. Baada ya mita na breka kuu, umeme wa gridi hugawanyika njia mbili, kila moja na breka yake. Njia ya kwanza huenda kwenye sanduku la vyombo vizito: hita, jiko la umeme, soketi za birika na pasi. Njia ya pili huenda kwenye chenjiova, na kutoka hapo huingia sanduku dogo la mahitaji ya lazima: taa, friji, pampu na soketi chache za runinga na simu. Jenereta huunganishwa upande wa pili wa chenjiova.

Kwa mpango huu, hita haiwezi kupata umeme wa jenereta hata mtu akiiwasha mara kumi. Hakuna waya unaozifikisha nguvu hizo kwake. Pia kuna faida ya ziada: taa ndogo ya kiashirio ikifungwa upande wa gridi, itawaka yenyewe umeme wa mtaani utakaporudi, na wenye nyumba hawatachoma petroli kwa kutojua.

Kosa moja hujitokeza mara kwa mara fundi anapohamisha saketi kwenye sanduku jipya. Huhamisha waya wa laivu na kuiacha nyutro yake katika sanduku la zamani, kwa sababu inafanya kazi hivyohivyo umeme wa gridi ukiwapo. Jenereta ikiwashwa, saketi hiyo ama haifanyi kazi, ama umeme wake unatafuta njia ya kurudi kupitia nyutro ya upande wa gridi. Kanuni ni moja: kila laivu inayohama, nyutro yake ihame nayo. Katika nyumba za zamani laivu huwa nyekundu na nyutro nyeusi. Katika nyaya mpya laivu ni kahawia na nyutro ni buluu. Waya wa ethi ni wa kijani na njano, nao haukatwi na swichi yoyote.

Kontakta na rilei za kipaumbele

Si kila nyumba inaweza kufumuliwa kuta ili kutenganisha saketi. Pale ambapo sanduku ni moja na chenjiova inahudumia nyumba nzima, fundi anaweza kutumia kontakta. Hii ni swichi inayofungwa kwa nguvu ya koili ya sumaku. Saketi za vyombo vizito hupitishwa ndani yake, na koili hulishwa kutoka upande wa gridi, kabla ya chenjiova. Umeme wa gridi ukiwapo, koili inavuta na hita inapata umeme. Gridi ikikatika, koili inaachia. Jenereta ikiwashwa, koili haina pa kupata nguvu, hivyo hita inabaki imekatwa. Fundi akikosea na kuilisha koili baada ya chenjiova, kontakta yote inapoteza maana, kwa kuwa itavuta kwa umeme wa jenereta vilevile.

Hatua ya juu zaidi ni rilei ya kipaumbele, inayopima mkondo. Pampu inapovuta umeme, rilei huizima saketi ya pasi au ya jiko dogo hadi pampu imalize. Kwa friji, kifaa cha kuchelewesha cha dakika tatu hadi tano huizuia isianze mara tu umeme unaporudi. Kifaa hiki kina faida hata kwa asiye na jenereta, kwa sababu kompresa inayolazimishwa kuanza tena kabla ya gesi yake kutulia huumia.

Ipo pia chenjiova ya kujiendesha, inayotumika katika hoteli, benki na vituo vya afya. Hiyo hugundua kukatika kwa umeme, husubiri sekunde kadhaa ili isikurupuke kwa mkatiko mfupi, huwasha jenereta, hungoja volti zitulie, kisha huhamisha mzigo. Gridi ikirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Kwa nyumba yenye jenereta ya kuvuta kamba, chenjiova ya mkono inatosha, na ni rahisi kuitengeneza ikiharibika.

Nyutro na ethi: hatari isiyoonekana

Sehemu hii ndiyo inayoachwa zaidi, kwa sababu makosa yake hayazimi taa. Katika umeme wa gridi, nyutro imeunganishwa na ardhi kwenye transfoma. Ndiyo maana mtu akigusa laivu, mkondo unapita mwilini mwake kwenda ardhini na kurudi kwenye transfoma. Breka ya usalama iitwayo kwa kifupi RCD hugundua mkondo huo uliopotea, hata ukiwa mdogo wa miliampea 30, na kukata kabla moyo haujadhurika.

Jenereta nyingi ndogo zinazobebeka hutoka kiwandani nyutro yake ikiwa haijaunganishwa na ardhi. Zikiendesha kifaa kimoja uwanjani, hilo si tatizo kubwa. Zikiunganishwa na nyumba nzima, waya mmoja ukichubuka na kugusa bati la friji, mkondo hauna njia kamili ya kurudi, kwa hiyo RCD haioni kitu. Hitilafu ya kwanza hukaa kimya ikisubiri ya pili, na ya pili ndiyo inayoua.

Suluhisho ni kuiunganisha nyutro ya jenereta na ethi mahali pamoja tu, upande wa jenereta wa chenjiova, na kufunga fimbo ya ethi iliyozama vizuri ardhini. Chenjiova inayokata nyaya mbili huhakikisha kwamba muunganisho huo hauchanganyiki na ule wa gridi. Kwa kuwa baadhi ya jenereta zimejengwa kwa namna isiyokubali muunganisho huo, fundi husoma kwanza kitabu cha mtambo.

Wapo wanaobonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, wakaiona inakata, wakaridhika. Kitufe hicho huthibitisha tu kwamba breka yenyewe ni nzima. Hukata hata pale ambapo ethi haipo kabisa. Ili kujua kama ulinzi upo wakati wa jenereta, fundi anapaswa kupima kwa kifaa chake kati ya laivu na ethi, jenereta ikiwa inafanya kazi.

Utaratibu wa usiku wa giza

Umeme ukikatika, subiri dakika chache. Zima breka zote za sanduku la lazima. Toa jenereta nje, angalau mita 6 kutoka dirishani na mlangoni, moshi ukielekea mbali na nyumba na mbali na nyumba ya jirani pia. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo humlaza mtu asiamke. Barazani, jikoni na ndani ya duka lenye mlango wazi si nje. Mvua isiwe sababu ya kuiingiza ndani. Kibanda chenye paa na pande zilizo wazi kijengwe mapema, kiangazi.

Washa mtambo na uuache uzunguke dakika mbili au tatu. Hamisha chenjiova kutoka gridi, kupitia sifuri, hadi jenereta. Washa breka moja moja kwa mpangilio uliohesabiwa: taa, pampu, friji, kisha vingine. Umeme wa gridi ukirudi, zima breka, rudisha chenjiova, washa breka tena, na uiache jenereta izunguke bila mzigo kwa dakika chache kabla ya kuizima. Usiongeze petroli mtambo ukiwa wa moto.

Kuhusu petroli, jenereta ya ukubwa huu hunywa takriban lita moja kwa saa, zaidi kidogo mzigo ukiongezeka. Lakini si lazima izunguke usiku kucha. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne. Saa moja ya jenereta jioni inaweza kujaza tangi la maji, kurudisha baridi ya friji na kuchaji simu zote, kisha nyumba ikalala kwa taa ya sola. Wenye kuhifadhi dawa kama insulini, inayohitaji nyuzi joto kati ya 2 na 8, waweke kipimajoto ndani ya friji badala ya kukisia, na wamuulize mhudumu wa afya la kufanya joto likipita hapo.

Mpango huohuo wa masanduku mawili unawafaa pia wanaohama kutoka petroli kwenda betri na sola. Inveta nayo ni chanzo cha pili cha umeme, na inaweza kurudisha umeme barabarani sawasawa na jenereta ikiunganishwa vibaya. Aliyekwisha kutenganisha mahitaji ya lazima na vyombo vizito hubadilisha chanzo tu. Nyaya za nyumba hubaki kama zilivyo.

Nani aifanye kazi hii

Kazi inayogusa breka kuu na nyaya za mita si ya kujifunzia. Nchini Uganda, Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi wa kuunganisha nyaya za majengo. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba kuona kibali kabla ya kulipa. Swichi kabla ya mita na muhuri wa mita ni mali ya msambazaji, na haviguswi bila yeye.

Maswali machache humtenganisha fundi na mbahatishaji. Je, chenjiova yako inakata laivu na nyutro pamoja? Nyutro ya jenereta utaiunganisha wapi na ethi? Kebo kutoka jenereta itakuwa ya unene gani? Kwa jenereta ya wati 2,000 na umbali wa mita 15, kebo ya nyuzi tatu ya milimita za mraba 2.5 inatosha bila kupoteza volti nyingi, nayo ilindwe na breka ya ampea 10. Na swali la mwisho: utanionyesha kipimo kabla hujaondoka? Fundi anayejua kazi yake hachukizwi na maswali hayo.

Kazi ikiisha, utaratibu wa kuwasha uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa sanduku, kwa Kiswahili au kwa Lukonzo, kwa lugha ambayo kila aliyemo nyumbani anaisoma. Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo uwe ni kuhamisha chenjiova, kwa sababu jenereta itakapowashwa gizani huenda aliyeifunga hayupo, na mahali fulani kwenye barabara ya kuelekea Bwera mtu amevaa mkanda wa usalama, anapanda nguzo akiamini kwamba waya ulio mbele yake umekufa.